Altrasaundi yafichua majipu ya mapafu ya farasi, usugu wa dawa waongezeka

Katika mashamba ya jimbo la Kentucky nchini Marekani, wanakozaliwa farasi wengi wa mbio, watoto wa farasi wenye umri wa wiki chache hupakwa spiriti kifuani, kisha daktari wa mifugo hupitisha kifaa cha altrasaundi baina ya mbavu zao. Anayetafutwa ni bakteria aitwaye Rhodococcus equi, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza nchini Sweden mwaka 1923.

Bakteria huyo huishi udongoni na katika kinyesi cha farasi. Mtoto humvuta pamoja na vumbi katika siku zake za mwanzo, na majipu huota mapafuni polepole. Dalili hujitokeza baina ya mwezi wa kwanza na wa nne. Mara nyingi mtoto huendelea kunyonya na kucheza kama kawaida, hata anapoanza kuhema kwa shida ugonjwa umekwisha kukomaa.

Mawimbi ya altrasaundi hayapenyi hewa. Pafu lenye afya huyarudisha yote, na kioo cha mashine huonyesha mistari myeupe iliyo sambamba. Jipu lililogusa uso wa pafu halina hewa, hivyo huonekana kama doa jeusi. Lililojificha ndani zaidi halionekani, na hapo ndipo eksirei inapohitajika. Kwa mtoto kazi hiyo ni nyepesi. Kifua cha farasi mzima mwenye uzito wa kilo 500 ni kipana mno, na hupigwa picha kipande kwa kipande kwa mashine yenye nguvu.

Matatizo yalitokana na mafanikio yenyewe. Kwa kuwa hata jipu dogo liliweza kuonekana, watoto wengi wasio na dalili yoyote walipewa dawa mbili kwa pamoja: moja ya jamii ya erithromaisini, nyingine rifampisini. Uchunguzi uliofanywa nchini Ujerumani ulionyesha kuwa wengi wenye majipu madogo hupona bila dawa. Huko Kentucky nako, bakteria sugu walianza kugunduliwa kwa wanyama wagonjwa, na hatimaye katika udongo wa mashamba. Mtoto aliyeambukizwa bakteria hao ana nafasi ndogo zaidi ya kupona.

Jambo hili haliwahusu farasi peke yao. Rifampisini ni miongoni mwa dawa kuu za kifua kikuu kwa binadamu, na Rhodococcus equi huweza kuwashambulia watu wenye upungufu wa kinga mwilini.

Sasa madaktari wengi hupima upana wa majipu, hujumlisha sentimita zake, na kuwatibu wale tu wenye dalili au majipu makubwa. Waliobaki hupimwa tena baada ya muda mfupi. Ugumu uko kwa mwenye shamba: mtoto mmoja wa farasi wa mbio huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola, na anaambiwa asubiri ilhali jipu analiona kwa macho yake kwenye kioo.