Adui wa Msaiprasi: Kwanza Tumjue Jina

Ukitoka Mafinga kwenda Sao Hill waona misonobari mpaka macho yachoke. Huku kwetu ipo pia misaiprasi, ile ambayo wengi hukata tawi lake kuipamba nyumba wakati wa Noeli. Mti huo ni ada ya mtoto, ni mbao za paa. Basi ukiona matawi yake yakauka kuanzia ndani kwenda nje, usiseme upesi, "Ni jua," wala, "Ni jirani." Tazama vitawi kwa makini.

Mwaka 1986 vidukari wageni walionekana katika misaiprasi ya Malawi. Mwaka 1988 waliingia Tanzania, na mwaka 1990 Kenya. Hukaa makundi makundi, hufyonza utomvu, na kuacha maji matamu yanayonata. Juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Kwanza wataalamu walidhani ni kidukari aliyejulikana zamani, Cinara cupressi.

Lakini kufanana si kuwa wamoja. Katika maabara vidukari husafishwa kwa dawa hata mwanga uwapenye, kisha hulazwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo. Hupimwa miguu, vinyweleo na mrija wa kufyonzea. Mwaka 1999 Gillian Watson na wenzake watatu walitangaza kwamba huyu wetu ni mwingine, wakampa jina Cinara cupressivora.

Utauliza, jina lina faida gani? Ukijua jina la mdudu utajua kwao, na huko utamtafuta adui yake. Katika miaka ya 1990 Malawi na Kenya waliachia nyigu mdogo sana, Pauesia juniperorum, atagaye yai ndani ya kidukari. Mtoto wake humla kidukari kutoka ndani.

Kwa hiyo usimwagie dawa mdudu usiyemjua, usije ukamwua na msaidizi wako. Kata kitawi chenye wadudu, kitie katika chupa ya spiriti, andika kwa penseli mahali, tarehe na aina ya mti, umpelekee Bwana Misitu. Wale wenye pamba nyeupe kwenye misonobari ni wengine. Watie chupa yao.

Mungu alimwachia Adamu kazi ya kuwapa viumbe majina. Kazi hiyo haijakwisha, nawe waweza kuisaidia.