Samaki wa mapambo wanafika wazima, kesho wamekufa. Shida iko wapi?

Umetuma samaki wanane kwa basi, Mpanda kwenda Sumbawanga. Mteja kapokea mzigo, kakurushia video, wote wanaogelea, anakusifia kabisa. Kesho asubuhi inakuja picha nyingine, sita wanaelea tumbo juu. "Boss, nirudishie hela yangu." Na wewe unaanza kumlaumu kondakta.

Mimi nilishapoteza kumi na wawili kwa siku moja, nikajua tu ni joto la kwenye buti. Kumbe ni amonia.

Samaki anatoa amonia muda wote, nyingi inapitia kwenye matamvua. Chakula kilichobaki chini kikioza kinaongeza nyingine. Ziwani haisumbui, maji ni mengi. Kwenye tanki la lita 60 haina pa kwenda, na kwa macho huioni. Maji yanaweza kuwa maangavu kama ya chupa na bado yakawa sumu. Ukiona samaki wanakimbilia juu kuhema, matamvua yamekuwa mekundu sana, usisubiri. Badilisha maji karibu nusu, acha kulisha, washa pampu ya hewa.

Anayetuokoa ni bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe. Wanageuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, halafu nitrati, ambayo ina nafuu na unaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Kwenye tanki jipya bakteria hao wanachukua kama wiki nne hadi sita kujaa. Kwa hiyo usinunue tanki leo ukajaza samaki thelathini kesho eti wateja wameshaulizia. Anza na wachache.

Na filta usiisuuze kwa maji ya bomba, klorini inaua bakteria wako. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tanki. Maji ya bomba ya kuongeza yaache wazi siku nzima kwanza. Umeme ukikatika muda mrefu, punguza chakula siku hiyo, maana filta imelala.

Sasa tuje kwenye mfuko, hapa ndipo hela inapotea. Amonia ina sura mbili majini, moja ya upole na moja kali. Maji yakielekea upande wa magadi, yaani pH ikipanda, ile kali inaongezeka. Kwenye joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7 ile kali haifiki hata sehemu 1 kati ya 100. Ikifika 8 ni kama 5, ikifika 9 ni zaidi ya 30. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yanakaribia 9, kwa hiyo ukiuza samaki wa huko (leseni ulizia kwa afisa uvuvi kwanza) tanki lako halina msamaha.

Samaki akiwa kwenye mfuko uliofungwa anatoa amonia, lakini pia anatoa hewa ya ukaa, na hiyo inashusha pH. Amonia inabaki ya upole, ndiyo maana anafika mzima. Mteja akifungua mfuko, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, amonia ya njiani inazidi kugeuka kali. Halafu yeye kwa huruma anaanza kuongeza maji kidogo kidogo saa nzima, samaki akiwa humo humo!

Upande wako, usimlishe samaki siku moja kabla ya safari. Mfuko uwe na maji theluthi moja, kwingine kote oksijeni, ufungwe vizuri na uwekwe kwenye deli lisiingize joto.

Upande wa mteja, mimi siku hizi namtumia ujumbe huu kabla basi halijatoka stendi, na asiponijibu napiga simu: "Elea mfuko ukiwa umefungwa kwenye tanki dakika 15 hadi 20. Ukishafungua tu, toa samaki kwa wavu, weka kwenye tanki. Maji ya mfuko mwaga nje, usiyaingize. Leo usiwape chakula. Nitumie video jioni na kesho asubuhi."