Rangi Wakilishi katika Picha za Nebula: Suala la Istilahi

Picha mashuhuri ya Nebula ya Tai, iliyopigwa mwaka 1995 kwa darubini ya anga ya Hubble na kutayarishwa na Jeff Hester na Paul Scowen, ilitokana na vichujio vinavyopitisha mkanda mwembamba mno wa nuru. Salfa ilipewa rangi nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Kwa jicho, haidrojeni (nanomita 656) na salfa (takriban 673) zote ni nyekundu. Zikiachwa zilivyo, mipaka ya gesi hizo haibainiki. Tena, kwa kuwa haidrojeni ndiyo hung'aa zaidi, picha huelekea ukijani, hata mtayarishaji hulazimika kukuza mng'ao wa salfa na oksijeni. Hapo nyota nazo hugeuka zambarau, nazo hudai masahihisho yake.

Kuziita rangi hizi “za uongo”, kama tafsiri sisisi inavyoshawishi, ni kumpotosha mwanafunzi, kwani kila rangi husimamia elementi iliyopimwa. “Rangi bandia” nayo haiponyi tatizo: bandia ni kitu kinachojifanya kingine. “Rangi wakilishi” inafaa zaidi, ilimradi maelezo ya picha vitabuni yataje elementi ipi imepewa rangi ipi.