Fahamu: São Tomé na Príncipe, visiwa vya kakao kwenye Ikweta

São Tomé na Príncipe ni nchi ya pili kwa udogo barani Afrika, baada ya Ushelisheli. Visiwa hivi vya Ghuba ya Guinea vilipata uhuru kutoka kwa Ureno Julai 12, 1975.

Kinachovutia wageni ni Pico Cão Grande, mwamba wa volkano uliochomoza wima zaidi ya mita 300 juu ya msitu, pamoja na mashamba ya kale ya kakao. Katika shamba la Sundy, kisiwani Príncipe, mwanaastronomia Arthur Eddington alipiga picha za kupatwa kwa jua mwaka 1919 ili kuipima nadharia ya uhusianifu ya Einstein.

Ukienda, jifunze Kireno kidogo na ubebe euro taslimu; kadi hazipokelewi kila mahali.