Lea maji kwanza, ndipo ulee samaki

Mwaka wangu wa pili kazini nilichimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba yangu. Nilitaka wananchi waje waone na wajifunze. Bwawa lilijaa maji siku ya Jumatatu. Jumatano nikaweka vifaranga 200 vya perege. Nikatazama, maji bado ni meupe. Nikajiuliza, samaki hawa watakula nini? Basi nikamwaga toroli nne za samadi mbichi ya ng'ombe kwa mara moja.

Siku chache baadaye, alfajiri, jirani yangu alibisha hodi.

"Bwana Shamba, amka! Samaki wako wanahema."

Nilikuta midomo midogo imejaa juu ya maji. Jua lilipochomoza wengi walikuwa wamekwisha geuka matumbo juu. Walibaki 31 tu. Jirani hakunicheka mbele yangu. Lakini hata saa nne haikufika, kijiji kizima kilikuwa na habari. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyetaka kusikia neno bwawa kutoka kinywani mwangu.

Kosa langu lilikuwa nini? Nililea samaki kabla ya kulea maji.

MAJI YANA MIMEA NDANI YAKE

Ndugu msomaji, maji mapya yaliyo meupe hayana chakula cha kutosha cha samaki. Ukitia samadi kidogo, na jua likawaka, mimea midogo sana huota ndani ya maji. Mmea mmoja huwezi kuuona kwa macho. Ikiwa mingi, utaona maji yamegeuka rangi ya kijani. Perege hula mimea hiyo, na wadudu wadogo wanaoishi pamoja nayo.

Mimea hiyo ina kazi nyingine. Mchana, wakati wa jua, hutoa hewa ambayo samaki huivuta. Usiku haitoi hewa. Usiku nayo huvuta hewa ile ile pamoja na samaki. Samadi inayooza pia hula hewa hiyo. Kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ambayo hewa imepungua kabisa majini. Samadi yangu ya toroli nne ilimaliza hewa yote.

Siku hizi nikienda kufundisha nabeba chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Natia maji ya mto, na tawi la jani linaloota chini ya maji. Naiweka juani. Baada ya muda vitone vya hewa huonekana kwenye jani, vimeshikana kama shanga. Halafu vinapanda juu kimoja kimoja. Nikiifunika kwa kitambaa cheusi, vitone vinakoma. Mama mmoja alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe jani ndilo linawapa samaki pumzi." Mimi nilikuwa nimeeleza jambo hilo kwa nusu saa na watu hawakunielewa. Yeye alilimaliza kwa neno moja.

KUCHIMBA

Kwanza pima udongo. Chimba shimo la kimo cha kiuno. Lijaze maji asubuhi. Jioni maji yatakuwa yamepungua, kwa sababu udongo umekunywa. Lijaze tena, ulifunike kwa majani. Kesho yake asubuhi, kama maji mengi bado yapo, udongo unafaa. Kama shimo ni kavu, tafuta mahali pengine. Usijidanganye kwamba litajiziba lenyewe.

Bwawa la kwanza lisiwe kubwa. Mita 10 kwa mita 10 zinatosha. Upande wa juu kina kiwe sentimita 80, na upande wa chini mita 1 na sentimita 20. Udongo wa juu wenye mizizi uweke kando. Usiujengee ukingo, maana mizizi ikioza huacha matundu na maji huvuja. Jenga ukingo kwa udongo wa mfinyanzi na ushindilie kila tabaka. Mwishoni rudisha ule udongo wa juu juu ya ukingo, upande ukoka. Usipande miti hapo.

Maji yaingie kwa bomba lenye wavu, ili samaki wa mtoni wasiingie.

KULEA MAJI

Kama udongo wenu ni mchachu, tandaza chokaa ya kilimo kwenye sakafu ya bwawa kabla ya kutia maji. Kilo 10 hadi 20 zinatosha bwawa la ukubwa huo.

Kisha jenga uzio mdogo wa fito kwenye kona moja ya bwawa, ndani ya maji. Humo ndimo utakamotia majani mabichi na samadi. Kwa bwawa la mita 10 kwa 10, tia kama kilo 10 za samadi ya ng'ombe kwa wiki. Ya kuku ni kali, tia nusu ya hapo. Koroga kidogo kwa mti. Sasa subiri. Wiki moja itapita, pengine mbili. Watu watakuuliza, "Mbona bwawa lako halina kitu?" Waambie lina kitu.

Maji yakianza kuwa ya kijani, yapime kwa mkono. Nyosha mkono, uuzamishe taratibu mpaka kwenye kiwiko. Kama kiganja kinapotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, maji yako tayari. Kama kimepotea mapema, maji yamezidi ukijani. Acha kutia samadi. Kama bado unakiona vizuri, ongeza kidogo.

Hapo ndipo utie vifaranga, 2 kwa kila mita moja ya mraba. Walete asubuhi mapema au jioni. Usiwamwage. Chombo chao kielee bwawani kwa dakika 15 au 20, ili joto la maji lilingane. Kisha ingiza maji ya bwawa ndani ya chombo kidogo kidogo, na uwaache watoke wenyewe.

Chakula cha ziada ni pumba za mahindi, mchwa, na majani laini. Walishe mahali pamoja na saa ile ile. Wakiacha chakula, umewazidishia. Ukiwaona wanahema juu ya maji alfajiri, usitie chakula wala samadi siku hiyo. Fungulia maji mapya upesi.

Wengine huniuliza kama wanaweza kupamba bwawa kwa gugu maji, kwa kuwa lina maua mazuri. Hapana! Waulize watu wa Ziwa Victoria gugu hilo liliwafanya nini miaka ya 1990. Lilifunga njia za mitumbwi. Bwawa dogo litafunikwa lote, na jua halitafika majini. Kata pia majani yanayoota pembeni ndani ya maji. Konokono wa kichocho hupenda kukaa humo, na mbu hutaga humo.

Jambo moja huwashangaza wengi. Perege huzaa mapema, akiwa na miezi kama mitatu, na jike hutunza mayai mdomoni. Bwawa hujaa watoto, chakula hakitoshi, wote wanadumaa. Vua wadogo mara kwa mara kwa ajili ya mboga, au omba vifaranga madume watupu. Vituo vya Serikali vya vifaranga viko Kingolwira mkoani Morogoro, Ruhila mkoani Ruvuma, na Mwamapuli mkoani Tabora. Mwone kwanza afisa uvuvi wa wilaya yako.

Samaki huweza kuvuliwa baada ya miezi 6 hivi.

Jirani yangu yule sasa ana bwawa lake. Alipochimba hakuniambia. Niliona tu siku moja amepiga magoti ukingoni, mkono umezama mpaka kiwiko, anatazama maji.

"Bado," akaniambia. "Naona vidole."