Zinki na Maradhi ya Utumbo: Tuseme Bila Haya

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii twaikariri kila mwaka katika mijadala ya Chama chetu, lakini yakitajwa maradhi ya tumbo, wengi hucheka na kufunika nyuso. Ndiposa mwaka huu nimeonelea nisiandike juu ya ngeli wala vina na mizani, bali juu ya utumbo, pamoja na madini yaitwayo zinki ambayo watu siku hizi huyanunua kwenye kemisti kana kwamba ni peremende.

Ninayo sababu. Dada yangu mkubwa, ambaye twaishi naye hapa Kileleshwa, aliendesha damu kwa miezi mingi. Leo aliambiwa ni amiba, kesho taifodi, akameza tembe za kila rangi. Hatimaye daktari mmoja alimchunguza kwa kamera nyembamba inayopitishwa ndani ya utumbo, akagundua kuwa ni kolaitisi, yaani utumbo mpana uliovimba na kufanya vidonda. Alipoanza kupata nafuu, mama mmoja jirani akamshauri, "Mwanangu, achana na hizo dawa za hospitali. Nunua zinki tu! Kwani watoto wakihara hawapewi hiyo hiyo?" Dada akanigeukia: "Wewe unasoma bayolojia. Hebu niambie, ni kweli?" Swali hilo lilinipeleka maktabani na kwa mwalimu wetu, na haya ndiyo niliyoyavuna.

Mwanzo, yule mama hakusema uongo mtupu. Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF yalitoa mwito kwamba mtoto anayehara apewe maji yenye chumvi na sukari ya kipimo maalumu, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Kipimo kilichotolewa wakati huo kilikuwa miligramu 20 kwa siku, na nusu yake kwa mtoto asiyefikisha miezi sita. Zinki hufupisha siku za kuhara. Hapa kwetu dawa hizo mbili hupatikana zikiwa zimefungwa pamoja.

Zinki yafanyaje kazi? Ngozi ya ndani ya utumbo hujiumba upya kila baada ya siku chache tu, na seli haziwezi kugawanyika bila zinki. Isitoshe, zinki husaidia kushikanisha seli hizo, kama saruji baina ya matofali, ili uchafu usipenye kuingia mwilini. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 2 za zinki, lakini hauna ghala la kuiweka akiba. Anayehara huipoteza, na asipokula vyema hupungukiwa upesi.

Upungufu huo ulianza kutambuliwa kwa binadamu miaka ya mwisho ya 1950 huko Iran. Daktari Ananda Prasad alimkuta kijana wa miaka 21 mwenye umbo la mtoto wa miaka 10. Chakula chake kilikuwa hasa mkate usiochachushwa, na tena alikuwa akila udongo. Jamani, nasi si tuna odowa sokoni? Nafaka zina kitu kiitwacho faiteti, ambacho huishika zinki isifyonzwe. Ndiyo maana uji uliochachushwa wa nyanya zetu ulikuwa na hekima: kuchachusha hupunguza faiteti, na kuloweka maharagwe pia husaidia. Nyama, maini na omena navyo vina zinki nzuri.

Sasa tuje kwa dada. Kuhara kwa mtoto aghalabu huletwa na virusi au bakteria, na hupita baada ya siku kadhaa. Maradhi ya dada ni mengine kabisa. Kinga ya mwili, ambayo ni askari wetu, hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Yako ya aina mbili kuu: kolaitisi yenye vidonda, na ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka wa 1932. Moto huu hutulizwa na dawa kama vile mesalazini, steroidi, na zile za kupunguza makali ya kinga. Zinki haiwezi kuwatuliza askari walioasi.

Je, haina faida yoyote? Inayo, lakini ya kujaza pengo. Wagonjwa wengi wa aina hii hupungukiwa na zinki, na daktari akithibitisha huweza kuwaongezea. Mwaka wa 2001 watafiti wa Italia waliwapa zinki wagonjwa 12 wa Crohn ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia, wakaona kuta za utumbo zikiziba vizuri zaidi. Habari njema, lakini watu 12 hawajazi hata nusu ya darasa letu! Huwezi kumwachisha mtu dawa kwa ushahidi wa kiasi hicho. Ipo pia dawa ya Japani iliyotengenezwa kwa zinki, lakini hiyo ni ya vidonda vya tumbo la chakula, si vya utumbo mpana.

Tena kuzidisha si kuponya. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Delhi kwa watoto 4,500, ukachapishwa mwaka wa 2020, ulionyesha kuwa miligramu 5 au 10 ziliwafaa wanaohara sawa na 20, na waliopewa kidogo walitapika kwa uchache. Mtu mzima anayemeza zaidi ya miligramu 40 kila siku kwa muda mrefu bila ya daktari hujihatarisha, kwani zinki nyingi huzuia shaba isiingie mwilini, na shaba ikipungua, damu nayo hupungua.

Basi ndugu msomaji, mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki, na umpeleke zahanati. Lakini ukiona damu chooni, au ukiendesha kwa majuma bila kukoma huku uzito ukishuka, usikae na haya, wala usikubali kuandikiwa dawa ya amiba mara ya tatu bila kupimwa. Uliza upimwe zaidi. Na aliyekwisha kupewa dawa za utumbo asiziache kwa neno la jirani, hata jirani awe mwema kiasi gani. Amuulize daktari wake kwanza kuhusu zinki. Kuuliza si ujinga.