Salamabila: Biki, kaye na mstari usiokatika, njia ya kale ya kutuliza moyo

Jina la Salamabila, wilayani Kabambare, jimboni Maniema, likitajwa, wengi hufikiria kwanza dhahabu ya Namoya na miaka ya vita. Lakini udongo huo huo unaochimbwa unaweza pia kuchorwa. Mwenye kijiti na mchanga, au biki na kaye ya shule, anaweza kujifunza kazi moja ya kale ya inchi hii: kuchora mstari unaorudia-rudia, pole pole, mpaka mawazo yatulie.

Wajuzi wakubwa wa kazi hiyo ni Watshokwe, wanaoishi kusini mwa DR Congo, Angola na Zambia. Wao huita michoro hiyo sona. Mzee husawazisha mchanga kwa mkono, anaweka nukta kwa ncha za vidole, kisha anapitisha kidole kimoja kuzunguka nukta zote huku akisimulia hadithi. Kidole hakiruhusiwi kusita. Mchoraji akikwama katikati, wasikilizaji humcheka. Hadithi ikiisha, mchoro hufutwa.

Wakuba wa Kasai pia walikuwa na mchezo wa namna hiyo. Msafiri Emil Torday, aliyewatembelea mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1925 jinsi watoto walivyomwomba achore mchangani mchoro mgumu bila kuinua kidole. Alishindwa, na watoto wakafurahi sana.

Kujaribu si vigumu. Weka nukta 12 kwenye kaye: safu 3, kila safu nukta 4. Anzia ukingoni, pita katikati ya nukta mbili jirani, mstari ukiinama kama mvua ya upepo. Ukitoka nje ya nukta za mwisho, zunguka kona na urudi ndani ukiinamia upande wa pili. Usiinue biki. Usipokosea, mstari utarudi pale ulipoanzia, na kila nukta itakuwa na chumba chake.

Mama yeyote anayejua kusuka mkeka ataitambua njia hiyo: ni ile ile ya jani linalofika ukingoni, likakunjwa na kurudi ndani.

Hesabu yake ina siri. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu nchini Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alionyesha kwamba idadi ya mistari inayohitajika katika mchoro wa aina hii ni namba kubwa kuliko zote inayogawa safu na nukta za safu bila kubakisha. Safu 3 za nukta 4 zinahitaji mstari mmoja tu. Safu 4 za nukta 6 zinahitaji mistari 2. Safu 3 za nukta 3 zinahitaji 3. Mtoto anayechoka na hesabu ubaoni anaweza kuigundua kanuni hii mwenyewe kwa biki yake.

Na moyo je? Mwaka 2005, watafiti Nancy Curry na Tim Kasser wa Marekani waliwapa wanafunzi 84 karatasi za kupaka rangi baada ya kuwatia wasiwasi kwa makusudi. Waliopaka michoro yenye mpango, ya duara au ya mirabaraba, walitulia kuliko waliopewa karatasi tupu wafanye watakavyo. Mpango huupa mkono njia, na mawazo hupata mahali pa kushika. Anayehesabu tasbihi anaelewa jambo hilo bila kuelezwa.

Hata hivyo, kuchora si dawa ya kila kidonda. Aliyeona mauaji au kubakwa, asiyelala usiku au anayefikiria kujiua, anahitaji mtu wa kumsikiliza na huduma ya afya. Kaye inaweza kumsindikiza tu njiani.

Leo kazi hii inaweza kuingia pia ndani ya ordinatere. Programu ya Inkscape, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni ya bure, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Picha ya simu imejaa vidoti, ukiikuza sana inavunjika. Programu hii huhifadhi mchoro kama njia za mistari zilizoandikwa kwa hesabu, hivyo mchoro mmoja unaweza kuwa mdogo kama stempu au mkubwa kama ukuta, bila kuharibika. Kijana hupiga picha mchoro wa mkono, anaufuata kwa mstari mpya juu yake, kisha anaagiza kipande kimoja kirudiwe mara mia. Kipande hicho kinaweza kwenda kwenye kitambaa, kibao cha duka au jalada la kitabu.

Lakini ordinatere husamehe haraka: ukikosea, unabofya na kosa linapotea. Mchangani unabaki na kosa lako mpaka ulifanyie njia. Ndiyo sababu inafaa mkono utangulie na mashine ifuate. Mkono hufundisha uvumilivu, mashine hutunza.

Na kutunza kuna maana. Mwezi wa 12 mwaka 2023, UNESCO iliandika sona kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa ombi la Angola, ingawa Watshokwe wako pia upande huu wa mpaka. Maniema nayo ina mikeka yake, na michoro hiyo hukaa mikononi mwa wazee. Vita huwakimbiza, umri huwachukua, na mkeka huchakaa. Mjukuu anayekaa karibu na bibi yake akinakili mchoro mmoja ndani ya kaye anapata saa moja ya utulivu, na anaokoa kitu ambacho hakichimbwi mara mbili.